Rangi ya mawe: jiwe lipi linafaa, na kwa nini mawese hayakauki ukutani

Video fupi za namna hii zimezagaa kwenye simu: mtu anaokota jiwe korongoni, analiponda, anatia maji, anachovya brashi na kupaka ukuta. Nusu dakika haijaisha, ukuta umependeza na msemaji anauliza rangi ya kopo ya nini tena. Huku Kigoma na Tabora, ambako nyumba nyingi za vijijini ni za tofali mbichi au za kuchoma zisizopigwa plasta, na ambako udongo mwekundu hautafutwi kwa tochi, swali hilo limewaingia watu. Wamejaribu. Sasa wanaulizana: mbona jiwe langu la kijani limetoa unga mweupe? Mbona ukuta unamchafua shati kila anayeuegemea? Mbona jirani aliyechanganyia mawese ukuta wake unanata mpaka leo?

Walioziweka video hizo hawakudanganya moja kwa moja. Walichofanya ni kuruka sehemu mbili ngumu: kulichagua jiwe, na kuufanya unga wake ushike. Ukizielewa hizo mbili, mengine ni kazi ya mikono tu.

Unga, gundi na maji

Rangi yoyote ya kupaka, iwe ya dukani au ya ndoo nyuma ya nyumba, ina vitu vitatu. Kwanza kuna unga unaoleta rangi yenyewe. Kisha kuna kitu cha kuushika unga huo, punje kwa punje na punje kwa ukuta. Humu nitakiita gundi, hata kikiwa yai, maziwa au uji wa muhogo. Mwisho kuna cha kulainishia ili mchanganyiko upakike, mara nyingi maji, ambayo yakimaliza kazi yanakauka na kwenda zake.

Tusiuchanganye unga huu na rangi ya kutia nguo au ukili. Koroga sukari kwenye chai, inayeyuka usiione tena. Koroga unga wa muhogo kwenye maji baridi, ukiuacha kidogo unatuama chini. Rangi ya magome na majani wanayochemsha wasuka mikeka ni ya kundi la sukari, inayeyuka na kuingia ndani ya ukili. Unga wa jiwe ni wa kundi la muhogo. Hauyeyuki, unabaki punje, na punje hizo hazina sababu ya kung'ang'ania ukuta wa mtu. Aliyepaka unga wa jiwe na maji matupu amepaka vumbi lililolowa, na maji yakikauka vumbi linarudi kuwa vumbi.

Udongo wenye mfinyanzi una nafuu, kwa kuwa hujishika kidogo wenyewe. Ndiyo maana kuta za kusiliba zinadumu miaka. Lakini nao hauhimili kusuguliwa wala mvua ya upepo, na kila mama aliyewahi kusiliba nyumba anajua kwamba kazi hiyo hurudiwa.

Rangi nyingi za huku ni chuma

Wekundu wa barabara ya moramu, unjano wa kingo za mto, kahawia ya kichuguu: karibu zote zinatokana na chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu. Chuma hicho kikikaa peke yake na oksijeni kinakuwa madini yaitwayo hematiti, na unga wake ni mwekundu. Kikibeba na maji ndani ya muundo wake kinaitwa gothiti, na unga wake ni wa njano. Manganizi ikijichanganya humo, rangi inakwenda kahawia nzito hadi karibu na weusi.

Ukanda wetu umejaliwa chuma hiki kwa sababu ya joto na mvua. Maji yamepita kwenye miamba kwa muda mrefu kupita kiasi, yakaosha na kuondoka na vitu vingi vinavyoyeyuka. Chuma, kikiwa mahali penye hewa, hakiyeyuki kirahisi, kwa hiyo kimebaki na kujikusanya. Moramu inayomwagwa barabarani ni mabaki hayo.

Anayetafuta rangi atembee kwenye mteremko, asitembee kwenye tambarare. Juu ya kilima maji hupita haraka, udongo unakaa mkavu, hematiti inatawala: wekundu. Ukishuka, unyevu unakaa muda mrefu zaidi, gothiti inaongezeka: njano na kahawia. Bondeni maji yanatuama, hewa haipiti, chuma kinayeyuka na kuondoka, na kinachobaki ni udongo wa kijivu au ule mweusi wa mbugani unaopasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, milima ya Usambara, aliupa mpangilio huu jina la katena katikati ya miaka ya 1930, baada ya kuona jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyojirudia kwa zamu ileile kilima hadi kilima. Wakulima wa Unyamwezi walikuwa wanalijua jambo hilo bila jina: mpunga hapa, muhogo pale.

Udongo mweusi wa mbugani usiuguse kwa kazi hii. Unavutia kwa weusi wake, lakini unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na utaung'oa ukuta vipande vipande. Ukitaka weusi, saga mkaa au kusanya masizi. Hiyo ni kaboni, haipauki, na haimlazimishi mtu kupanda kilima.

Usiliamini jiwe kwa sura

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Jiwe lina rangi ya nje na rangi ya unga, na mbili hizo si lazima zifanane. Hematiti ngumu inaweza kuwa nyeusi inayong'aa kama bati jipya, na bado ukiikwaruza inatoa mstari mwekundu kama damu kavu. Upande mwingine, chupa ya kijani ukiisaga inatoa unga mweupe; ndivyo yalivyo na mawe mengi ya kung'aa, pamoja na kwatzi za rangi rangi zinazookotwa na watoto. Rangi ya jiwe la namna hiyo inaonekana kwa kuwa mwanga unapita ndani yake kwa kina. Likivunjwavunjwa kuwa punje ndogo, mwanga unarudishwa kabla haujaenda mbali, na macho yanaona weupe.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua kipande cha tailizi kilichovunjika, geuza upande wa nyuma usiong'aa, kwaruza jiwe lako hapo. Mstari utakaobaki ndio rangi utakayopata kwenye ndoo. Kama haukubaki mstari, au jiwe ndilo limekwaruza tailizi, lirudishe ulikolitoa. Ningemshauri mtu akwaruze mawe ishirini kabla hajaponda moja, mikono itamshukuru.

Mawe yanayofaa huwa laini. Yale ya moramu yaliyooza, udongo ulioganda na kuwa kama jiwe, kichuguu kilichokauka, na mawe mekundu ya mchanga yanayoacha rangi kiganjani ukiyashika ndiyo ya kuanzia. Granaiti za Tabora, zile zilizolala porini kama tembo, ni nzuri kwa kokoto na ngumu bure kwa rangi.

Moto unageuza njano kuwa nyekundu

Wengine wamegundua kwa bahati kwamba udongo wa njano ukikaangwa unakuwa mwekundu, wakadhani ni kuungua. Ni zaidi ya kuungua. Gothiti, kama tulivyosema, ina maji ndani ya muundo wake. Ikifikia kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi maji hayo yanafukuzwa, na kilichobaki ni hematiti. Makaa yaliyoshika vizuri yanavuka joto hilo bila shida, kwa hiyo kikaango kikuukuu na jiko la mkaa vinatosha. Koroga taratibu, nje ya nyumba, na chota kijiko kila rangi inapobadilika: utapata njano, chungwa, nyekundu ya tofali na nyekundu nzito kutoka kwenye udongo mmoja.

Kila aliyewahi kusimamia tanuri la matofali ameliona jambo hili kwa macho. Tofali linaingia likiwa kahawia au la rangi ya majivu, linatoka jekundu. Na yale ya katikati yanayotoka na kiini cheusi yalikosa hewa, chuma chake hakikupata oksijeni ya kutosha. Vipande vya matofali yaliyovunjika, kwa njia, vinasagika na kutoa unga mzuri tu.

Kusaga na kuchuja kwa maji

Ponda mawe ndani ya gunia ili vipande visiruke machoni, kisha twanga. Kinu na mchi viwe vya kazi hiyo pekee, visirudi jikoni. Ukianza kutwanga laini, nyunyiza maji: vumbi la mawe lina silika, na silika ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu mapafu ya mtu bila dawa ya kuyarudisha. Wachimbaji wanalijua hilo. Barakoa inasaidia, lakini maji yanasaidia zaidi.

Sasa inakuja hatua inayotofautisha rangi na tope, na ndiyo ambayo video hazina subira nayo. Weka unga kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu, kisha subiri kidogo tu, nusu dakika hivi. Mchanga ni mzito, utazama kwanza. Mimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili kabla rangi nayo haijazama, uuache mchanga ulipo. Rudia kwenye ndoo ya tatu ukiweza. Pitisha kwenye kipande cha kanga kuukuu, kisha iache ndoo hadi kesho yake. Maji yatakuwa yamejitenga juu, masafi, yamwage taratibu. Ule uji mzito wa chini uanike kwenye sinia, mahali pasipo upepo.

Kinachokauka hapo ni unga laini kama poda. Ukiupikicha kati ya vidole husikii chembe. Ukisikia mchanga, rudia, kwa sababu kila chembe ya mchanga ni mahali ambapo gundi haitashika. Na usishangae ndoo nzima ya mawe ikitoa bakuli moja. Ndiyo hesabu yake, na ndiyo sababu watu wanaodhani rangi hii ni ya bure wanapaswa kuhesabu jasho pia.

Gundi, na kesi ya mawese

Kigoma ni mkoa wa michikichi, kwa hiyo mtu anapoambiwa rangi za zamani zilichanganywa na mafuta, mkono unakwenda kwenye galoni la mawese. Inaeleweka. Wachoraji wa Ulaya kweli walitumia mafuta, lakini yalikuwa ya mbegu za kitani, na mafuta hayafanani.

Mafuta ya kitani yakipakwa kwa utando mwembamba hunyonya oksijeni ya hewani, molekuli zake zinashikana, na baada ya siku kadhaa yanakuwa ngozi ngumu. Hayakauki kwa kuvukizwa kama maji. Yanageuka kuwa kitu kingine. Mawese hayana maungo hayo ya kushikana, au yanayo machache mno. Yatakaa ukutani mwezi, yatakaa mwaka, yatabaki mafuta, yakikusanya vumbi la barabara na mbu waliopotea njia. Hata ule wekundu wake wa asili hautadumu, kwa kuwa unatokana na karotini, ambayo jua huila haraka. Alizeti iko katikati: inakauka, lakini polepole na kwa shingo upande. Mawese na udongo mwekundu ni mchanganyiko mzuri wa kupaka mwili, kama wanavyofanya Wahimba wa Namibia kwa siagi, kwa sababu mwilini hakuna anayetaka ukauke.

Basi tutumie nini? Kwa ukuta wa ndani, uji wa muhogo. Wanga ukipikwa unavimba, na ukikauka unashika. Pika uji mwepesi wa kunyweka, uache upoe, changanya na unga wako wa rangi hadi upate uzito wa maziwa mazito. Paka kipande kidogo pembeni, kikauke kabisa, kisha kisugue kwa kiganja. Kiganja kikichafuka, ongeza uji. Utando ukiwa na nyufa au ukibanduka, uji umezidi. Njia hii haina aibu yoyote: nyumba nyekundu za mbao za Uswidi zinazoonekana kwenye picha za kalenda hupakwa rangi ya uji wa nafaka uliochanganywa na unga wa chuma kutoka mgodi wa shaba wa Falun, pamoja na mafuta kidogo ya kitani ili kuhimili mvua.

Kwa ukuta wa nje, chokaa ni bora. Chokaa iliyozimwa kwa maji ikipakwa inanyonya hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe la chokaa, na punje za rangi zinanaswa humo humo. Rangi za chuma hazidhuriwi na ukali wa chokaa. Za mimea nyingi hufa. Unga wa rangi usizidi takriban sehemu moja kwa kumi ya chokaa, ama sivyo chokaa inakosa nguvu ya kushika. Hii ina maana utapata waridi, rangi ya maziwa au chungwa la kupauka. Wekundu uliokolea hautaupata, na hakuna ujanja wa kuupata. Wapo wanaotia chumvi, na kwa mkoa wa Kigoma, wenye chumvi ya Uvinza, sishangai. Chumvi kidogo hutunza unyevu ili chokaa igeuke vizuri. Ikizidi, masika yakija inatoka ukutani kama unga mweupe. Mimi ningeiacha. Kinga macho unapofanya kazi na chokaa, maana inaunguza.

Maziwa nayo ni gundi, na wafugaji wa Tabora wanayo. Mtindi ulioondolewa mafuta, ukichanganywa na chokaa kidogo, hutoa gundi imara kwa mbao. Gundi ya mgunga inafaa kuchorea kwenye karatasi. Kiini cha yai kinafaa kwa picha ndogo. Na nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya Tabora inatoa kwa wingi, huyeyuka kwenye nyuzi kama 62 hadi 64. Ukiikorogea unga wa rangi ikiwa ya moto unapata rangi ya kupaka vibuyu, vinyago na vibao. Picha za nyuso za watu zilizochorwa kwa nta huko Fayum, Misri, karibu miaka 2,000 iliyopita, bado zinakutazama machoni. Kwa ukuta unaopigwa na jua la mchana, nta hapana.

"Ya asili haina sumu"

Maneno haya yanasemwa kwa kujiamini kupita kiasi. Chuma, chokaa na mkaa havina tatizo kubwa. Lakini risasi, zebaki na aseniki nazo zinatoka kwenye mawe, na mengine ni mazuri ajabu kwa rangi: jiwe jekundu la sinaba ni zebaki na salfa, jiwe la njano la opimenti ni aseniki na salfa. Nayo risasi haiko mbali nasi. Reli inayochepuka Kaliua kwenda Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo jiwe zito kuliko ukubwa wake, linalong'aa kama chuma na kutoa mstari wa kijivu, liache.

Kuna hatari iliyo karibu zaidi. Kule Nzega na Igunga, kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuna malundo ya marudio: mawe yaliyokwisha kusagwa, laini, ya rangi nzuri, tayari kabisa. Yanamtamanisha mtu mvivu. Yamepitishwa zebaki ya kunasia dhahabu. Usiyabebe hata kwa kiroba.

Na rangi za kopo je? Hoja ya kwamba zote ni sumu haisimami. Tatizo liko kwenye zile zilizotiwa risasi, ambazo aghalabu ni njano, chungwa na nyekundu kali. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo lenye maelezo kamili si adui wa mtu.

"Itapauka" na "nataka bluu"

Inayopauka ni ya mimea. Rangi za chuma zimekwisha kuungana na oksijeni kadiri zinavyoweza, jua halina la kuzifanya zaidi. Ushahidi uko Kondoa, kwenye mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: michoro myekundu bado inasomeka. Kinachoiharibu ni maji, moshi na mikono ya wageni. Olorgesailie, Kenya, wamekutwa vipande vya mawe ya rangi vilivyotumiwa na binadamu karibu miaka 300,000 iliyopita.

Bluu ni habari nyingine. Chuma cha udongo wetu hakikupi bluu ya kupaka, na mawe yenye bluu ya kweli ni machache duniani. Lapisi, iliyopendwa na wachoraji wa zamani, ilitoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kwa bei iliyokaribia ya dhahabu. Wamisri wa kale walichoka kungoja wakajitengenezea bluu kwa kuchoma mchanga, chokaa na shaba. Kijani hupatikana kwenye mawe ya shaba kama malakiti, ila kadiri unavyoyasaga laini ndivyo yanavyopauka, na vumbi la shaba si la kuvuta. Anayetaka mlango wa bluu aende dukani.

Kuhusu kuchimba, udongo wa uani kwako hauna mgogoro na mtu. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale haiokotwi hata kokoto. Ukitaka kuchimba ili uuze, hapo umeingia kwenye Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na ofisi ya madini ya mkoa ndiyo itakayokuambia leseni gani inakuhusu.

Jambo la mwisho ni la harufu. Unga mkavu wa rangi unakaa kwenye mkebe miaka na miaka, lakini ukishauchanganya na uji au maziwa, siku ya pili utaanza kuchacha. Changanya wa kutosha kazi ya leo tu, na ndoo ikibaki na kitu jioni, mwaga shambani.